Ebola imetoka mwilini, mbona moyo bado ni mgonjwa?



Kati ya vikaratasi vya maombi vinavyowekwa katika kikapu cha redio, tulipata kimoja kisicho na jina. Aliyekiandika anasema aliugua Ebola mwaka 2019, akatoka santre ya matibabu na cheti cha kupona mkononi, akaja kutoa ushuhuda mbele ya kanisa. Watu waliimba, walicheza, mama mmoja akamvika kitenge kipya. Lakini tangu wakati ule usingizi umemkimbia. Anasahau majina ya watu anaowajua. Akisikia gari la kubeba wagonjwa linapita, mikono inatetemeka. Kwaya ameiacha, kutembelea watu ameacha, anashinda ndani ya nyumba. Kikaratasi kinamalizika kwa swali: kama Bwana aliniponya, hii iliyobaki ni nini?

Hatukukisoma hewani, kwa sababu jibu lake si la dakika mbili. Ndiyo maana tumelitolea somo la juma hili. Na tunaanza kwa kumwambia mwandishi: uliponywa kweli. Virusi vilitoka, na ushuhuda wako haukuwa uongo. Hii iliyobaki ina jina, waganga wanaijua, na kuna mambo ya kufanya. Mojawapo litakushangaza, kwa maana ni dogo na halina bei: kutembeza mwili.

Tukumbushane kwanza. Ugonjwa ulitangazwa kwetu Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ukianzia upande wa Mangina. Ukaingia Beni, ukaingia Butembo na Katwa, ukavuka mpaka Ituri. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Waliopona walikuwa zaidi ya 1,100. Tuliwaita washindi. Wengine wao walirudi kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa maana miili yao ilikuwa imeshapata kinga. Kazi ile tuliisifu sana katika redio hii. Lakini tukiwa wakweli, baada ya sifa hatukurudi kuwauliza: wewe mwenyewe unalalaje?

Neno "mshindi" ni zuri, lakini linaweza kumfunga mtu mdomo. Mshindi hatakiwi kulia. Mshindi hatakiwi kusema kwamba anaogopa giza.

Waganga walianza kuliona jambo hili zamani. Kikwit, mwaka 1995, watu 315 walipata Ebola na wengi wao walifariki. Waliobaki walifuatwa, ikaonekana kwamba baadhi yao walibaki na maumivu ya viungo na matatizo ya macho. Halafu ukaja ugonjwa mkubwa wa Afrika ya Magharibi, kuanzia mwaka 2014 mpaka 2016, uliogusa watu zaidi ya 28,000. Huko Liberia waganga waliwafuata watu 966 waliopona, wakawalinganisha na zaidi ya watu 2,300 waliokuwa karibu nao, ndugu wa nyumba moja na wengine wa namna hiyo. Kati ya waliopona, watu 29 kwa kila 100 walisema wanasahausahau. Kati ya wale wengine walikuwa kama 5 tu kwa kila 100. Maumivu ya viungo yalikuwa kwa watu 47 hivi kwa 100 upande wa waliopona, na 17 hivi upande wa pili. Uchovu nao ulikuwa mara tatu zaidi kwa waliopona.

Kuna jambo jingine katika hesabu ile ambalo watu hupita haraka. Hata wale ndugu wa karibu, 36 hivi kwa 100 walikuwa na maumivu ya kichwa. Yaani nyumba nzima ilibeba mzigo, si yule aliyelazwa peke yake. Tukisema leo juu ya "aliyepona", tuwe tunamwona pia mume wake, dada yake, na mtoto aliyeachiwa jirani kwa majuma mengi.

Na kuna habari njema ndani yake: waganga walipowaangalia tena baada ya mwaka mmoja, sehemu kubwa ya dalili zile zilikuwa zimepungua. Si hukumu ya maisha.

Sasa, kwa nini moyo na akili vinabaki vikiumwa wakati damu imeshapimwa na kuonekana safi? Sababu si moja. Mwili ulipigana vita vikali, na baada ya vita moto hauzimiki siku moja. Ndani ya mwili kunabaki hali ya kuvimba na kuchoka ambayo inagusa viungo, macho, hata ubongo. Halafu mtu alilala siku nyingi kitandani. Nyama za miguu zilipungua, kifua kikazoea kazi ndogo, na alipotoka alikuta ngazi tatu za kanisa zimekuwa mlima.

Juu ya hayo weka aliyoyaona. Alilazwa nyuma ya plastiki, akihudumiwa na watu waliofunikwa mpaka macho, akisikia jirani wa kitanda akinyamaza usiku na asubuhi kitanda kikiwa kitupu. Wengine walipona wakakuta mume amezikwa, na hawakuona hata kaburi likichimbwa. Walirudi nyumbani wakakuta matela imechomwa, nguo zimechomwa, na mteja wa soko anaruka meza yao kwenda kununua sombe kwa mwingine. Mambo kama haya yangemlemea hata mtu ambaye hajawahi kuwa na homa. Kwetu watu husema kwa kifupi "ana tromatisimu," wakamaliza. Lakini neno moja halitoshi. Mwingine ana huzuni nzito: hakuna kinachomfurahisha, hali chakula, anajiona hafai. Mwingine ana hofu: moyo unadunda bila sababu, anaona picha za santre ya matibabu akifumba macho. Mwingine ni uchovu na kusahau tu, na hiyo inamletea aibu, mpaka anajificha.

Ugonjwa wa korona ulitufundisha jambo hilohilo kwa ulimwengu mzima. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, hofu na huzuni nzito ziliongezeka kwa 25 kwa 100 duniani. Na wengi waliopona korona walibaki miezi mingi na uchovu, kukosa usingizi, na kichwa kama kimejaa ukungu. Kwa hiyo mtu wa Ebola asidhani amelaaniwa peke yake. Virusi vikali vina tabia ya kuacha madeni nyuma.

Tunajua swali linalokuja, kwa maana tumelisikia hata kwa watumishi: je, hii si roho ya mauti iliyomfuata? Sisi ni watu wa maombi na hatutaacha kuomba. Lakini tumeona madhara ya haraka. Mtu aliyevunjika moyo akiwekwa katikati ya duara, akipigiwa kelele masaa matatu, akaambiwa ataje dhambi aliyoificha, anarudi nyumbani na mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Someni polepole habari ya Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka katika ushindi wa Karmeli, na hapo hapo anakaa chini ya mti jangwani akiomba afe. Hakuna aliyemkemea pepo. Alilala. Malaika alimgusa, akampa mkate uliookwa na maji. Akalala tena, akapewa tena chakula. Halafu akaondoka kwa miguu, siku 40, mpaka Horebu. Maneno makubwa ya Mungu yalimfikia baada ya usingizi, chakula, na safari. Tunaona hapo utaratibu ambao kanisa letu mara nyingi limeugeuza.

Tuje sasa kwenye miguu.

Mwili ukitembea, moyo unasukuma damu nyingi zaidi, nayo inafika mpaka kwenye ubongo. Nyama za mwili zikifanya kazi mara kwa mara, ule moto wa ndani tuliousema unapungua polepole. Usingizi wa usiku unakuwa mzito zaidi, na mtu aliyelala vizuri anakumbuka vizuri. Haya yote yamechunguzwa miaka mingi. Lakini kwa waliopona Ebola kuna faida nyingine tunayotaka kukaa juu yake kidogo.

Mtu aliyepita katika homa kali anaogopa mwili wake mwenyewe. Moyo ukidunda, anakumbuka siku ile. Jasho likimtoka, anashika paji la uso. Akihema, anawaza kwamba imerudi. Basi anaanza kukwepa kila kitu kinachomfanya ahemee: hapandi mlima, hachezi kanisani, habebi mtoto. Kadiri anavyokwepa, ndivyo mwili unavyodhoofika, na ndivyo hata kazi ndogo inavyomfanya ahemee na kuogopa zaidi. Ni mduara. Kutembea kidogo kidogo kunaukata. Leo moyo umedunda kwa sababu nilipanda kijilima, nikakaa, ukatulia. Kesho hivyo hivyo. Baada ya majuma machache mwili unajifunza kwamba moyo kwenda mbio si homa, na jasho si kifo. Hakuna mahubiri yanayoweza kuufundisha mwili jambo hilo. Mwili unajifunza kwa kufanya.

Mwaka 1999 waganga wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na watu 156 wenye huzuni nzito, wote wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilifanya mazoezi mara tatu kwa juma, la pili lilipewa vidonge vya huzuni, la tatu likapata vyote viwili. Baada ya majuma 16, makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa. Na walipoangaliwa tena miezi sita baadaye, wale wa mazoezi waliopata nafuu ndio waliorudiwa na ugonjwa kidogo zaidi. Lakini tusiruke mstari mmoja wa kazi ile: mwanzoni vidonge vilifanya kazi kwa haraka zaidi. Kwa hiyo ndugu anayetumia dawa aliyoandikiwa na waganga asiitupe eti amesoma katika karatasi yetu kwamba kutembea kunatosha. Atembee, na dawa aimeze, na siku ya kuiacha aizungumze na aliyemwandikia.

Mtu atasema: hao hawakuugua virusi. Ni kweli. Basi tuchukue wa karibu zaidi. Uingereza, mwaka 2024, yalitoka matokeo ya watu 585 waliokuwa wamelazwa kwa korona, wakatoka hospitalini, lakini hata baada ya miezi mitatu na zaidi hawakuwa wamerudia hali yao. Nusu yao walipewa programu ya majuma 8: mazoezi ya mwili katika kikundi pamoja na mazungumzo ya kutia moyo, wakiongozwa kwa intaneti. Walipata nafuu kuliko wale waliopewa mashauri mara moja tu, hasa katika huzuni, uchovu na maumivu, na nafuu ile ilikuwa bado ipo baada ya mwaka. Sisi tumependa neno "kikundi" katika habari hiyo. Hatuna intaneti ya kutosha kila kartie, lakini vikundi tunavyo. Seluli, kwaya, wamama, vijana: kanisa letu limejengwa kwa vikundi.

Hapa baba mmoja wa kanisa alitupinga katika kikao. Akasema Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Tukafungua pamoja 1 Timotheo 4:8. Paulo anaweka utauwa juu, na sisi tunauweka juu. Lakini hasemi mazoezi hayana faida; anayapa faida ndogo, na ndogo si sifuri. Na tazameni maisha yake. Katika Matendo 20:13 wenzake wote wanapanda merikebu kwenda Aso, na yeye anachagua kwenda kwa miguu. Biblia haitupi sababu, na hatutaitunga. Lakini mtu yule alikuwa anatembea sana. Baba yule alicheka, akasema basi na yeye ataacha kuchukua moto kwa kila safari ya mita mia tatu.

Mama mmoja naye alitupinga, na pingamizi lake lilikuwa zito zaidi. "Mimi ninabeba bidoni la lita 20 mara tatu kwa siku, ninalima, ninatwanga. Mnaniambia nifanye mazoezi?" Mama ana haki. Kazi yake ni mazoezi kwa mifupa na kwa moyo, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu. Lakini waliochunguza wameona kwamba kazi ya kulazimishwa haitulizi akili sawasawa na mwendo ambao mtu ameuchagua, bila mzigo, bila kukimbizwa na saa. Kwa mama kama huyu ushauri wetu si kuongeza kazi. Ni kumpunguzia bidoni moja, achukue dakika zile atembee na rafiki yake mikono mitupu, wakizungumza. Na hapo tunawaangalia akina baba na vijana wenye shukudu: maji yale nani mwingine anaweza kuyabeba?

Kuanza kunafanyikaje? Shirika la Afya Duniani linawaambia watu wazima wafikie angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa wastani. Aliyepona juzi asiitazame namba hiyo. Aanze na dakika 5 ndani ya parseli, kutoka mlango mpaka mwembe, na kurudi. Au akae kwenye kiti, asimame na kukaa tena mara tano. Akiweza siku tatu bila shida, aongeze dakika mbili. Kipimo ni hiki: ukitembea uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba wimbo mzima. Ukiweza kuimba kwa raha, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Asubuhi ni saa nzuri kwa sababu mwanga wa jua unasaidia usingizi wa usiku. Lakini hatuwezi kumwambia mtu wa pembeni ya Beni atoke alfajiri kwenda njia ya shamba. Tunajua yanayotokea katika njia hizo. Uwanja wa kanisa, saa tatu, watu wakiwepo, unatosha. Mizunguko kumi ya uwanja ni safari.

Kucheza mbele za Bwana kunahesabika pia. Aliyeacha kwaya kwa sababu pumzi haitoshi arudi hata kama ni kwa wimbo mmoja, akae kwenye benchi kwa zinazobaki, na kiongozi wa kwaya asimtazame vibaya. Vijana wana mpira. Wazee wana bustani ya mboga. Kila mmoja achukue kile ambacho hatakichukia baada ya juma moja.

Kuna maonyo, na tunaomba yasomwe kwa sauti katika seluli. Kifua kikiuma, pumzi ikikatika ukiwa umekaa, kichwa kikizunguka mpaka uanguke, au homa ikija, acha, nenda santre ya afya. Jicho likiwa jekundu, likiuma, au likiona ukungu, nenda siku hiyo hiyo. Aliyepona Ebola anaweza kupoteza jicho kwa kuchelewa, na jicho hilo lina dawa. Kiungo kilichovimba kipumzishwe. Na kuna watu ambao wakijitahidi leo, kesho au kesho kutwa wanaanguka kitandani kabisa, uchovu, kichwa, na viungo vyote. Tulisikia kwa waliopona korona, na wengine wa Ebola wanaeleza mambo yanayofanana nayo. Kwa mtu wa namna hiyo, kumsukuma ni kumuumiza. Asiambiwe mvivu. Agawe kazi zake vipande vidogo, apumzike kabla hajachoka, na mwendo wake aupange na waganga.

Kubwa zaidi: mtu akisema afadhali afe, au ameanza kugawa vitu vyake, hapo si saa ya mazoezi wala ya kumpangia siku ya maombi juma lijalo. Msimwache peke yake. Dawa za mashamba na kamba ziondolewe karibu naye, mmoja alale naye, na mmoja ampeleke kwa waganga. Aombewe njiani.

Tunataka pia kusema jambo la kufunga na kesha, ingawa tunajua baadhi ya watumishi hawatapenda. Mwili uliotoka katika ugonjwa mkali haufai kwa kufunga kukavu siku tatu. Na mtu ambaye ugonjwa wake ni kukosa usingizi, kumwita kwenye kesha kila ijumaa ni kumnyima dawa yake. Yapo maombi ya mchana. Eliya alilishwa mara mbili kabla ya safari, na hakuna aliyehesabu kwamba amepungukiwa kiroho.

Seluli inaweza kufanya nini? Si mambo mengi. Wachague watu wawili, wa jinsia moja na mgonjwa, wapite kwake mara tatu kwa juma saa ileile. Wasiende na hotuba. Waseme, "Tunatembea mpaka kwenye chanzo cha maji, twende." Siku atakayokataa, wakae naye mlangoni dakika kumi, warudi keshokutwa. Watu wengi waliovunjika moyo hawawezi kuanza peke yao. Uwezo wa kuanza ndio uliovunjika. Lakini mtu akisimama mlangoni na viatu, mara nyingi mgonjwa anavaa vyake. Na mkitembea bega kwa bega maneno yanatoka kwa urahisi kuliko mkikaa uso kwa uso ofisini. Akianza kusimulia ya santre ya matibabu, sikilizeni. Msimkatize kwa "Bwana ni mwema," ingawa ni mwema. Na yale atakayosema yasigeuke ombi la hadharani siku ya Mungu.

Kutembea naye hadharani kunafanya kazi nyingine tena. Kartie inaona. Wale waliokuwa wakiruka meza yake sokoni wanamwona akishikwa mkono na mama mchungaji. Paulo, alipomrudisha Epafrodito Filipi baada ya ugonjwa uliokaribia kumuua, hakumtuma tu. Aliandika kwamba yule ndugu amekuwa na mahangaiko, akawaomba wampokee kwa furaha na kumheshimu (Wafilipi 2:25-30). Kwa hiyo hata kanisa la kwanza lilikuwa na mtu aliyepona mwili na bado moyo wake ukiwa mzito.

Watoto tusiwasahau. Mtoto aliyekuwa na miaka minne mwaka 2019 leo yuko shule, na huenda anajikojolea usiku au anapigana bila sababu. Kwa mtoto, mchezo ndio mwendo: kamba, mpira wa matambara, kukimbizana. Mtoto anahitaji kama saa moja ya mwendo kila siku. Anayekaa ukutani wenzake wakicheza, mwalimu wa shule ya Mungu amchukue mkono aingie naye katika mchezo.

Kwa ndugu au dada wa kikaratasi: hatujui kama wewe ni mwanamume au mwanamke, wala hatutauliza kanisani. Karibu na wewe kuna santre ya afya. Waambie maneno yaleyale uliyotuandikia, kwamba hulali na unasahau, na uombe kuonana na yule tunayemwita sikologi kama yupo. Beni, Butembo na Mangina zilifunguliwa kliniki za kuwafuata waliopona, na waganga waliofanya kazi humo wanaijua hali yako. Kisha, kama utapenda, siku ya Posho saa tatu asubuhi baadhi yetu wa redio tutakuwa tunazunguka uwanja wa kanisa, watu wazima na watoto. Hatutaandika majina ya wanaokuja. Ukizunguka mara moja ukarudi nyumbani, ni vema. Benchi liko chini ya mti upande wa kisima, na maji ya kunywa yatakuwepo.